Mwenye Funguo

Katika kituo kile cha wagonjwa wa akili, pale Likasi, hapakuwa na mtu aliyesifiwa kwa upole kama muuguzi Hilaire. Alikuwa na miaka arobaini na sita, na ishirini kati ya hiyo alikuwa ameitumia ndani ya wodi ya wanaume. Hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Mgonjwa akivunja kiti, aliitwa Hilaire. Mgonjwa akikataa kuvua nguo zilizolowa mkojo, aliitwa Hilaire. Alikuja polepole, akasimama hatua mbili kutoka kwa mgonjwa, mikono wazi, akangoja. Ndiyo maana walipomfanya mkuu wa wodi hakuna aliyenung'unika, hata Papa Édouard, mhudumu wa wodi, aliyemzidi umri kwa miaka tisa.

Mwaka uliopita walimpeleka Lubumbashi kwa mafunzo ya siku tatu. Mwalimu alikuwa mwanasaikolojia, Madame Chérie, mwanamke mwembamba aliyewavua wauguzi wote viatu siku ya kwanza na kuwasimamisha kwenye saruji baridi. Aliwaambia kwamba ndani ya wodi hasira ya kuogopwa si ya mgonjwa, bali ile ya muuguzi asiyejua kwamba amekasirika. Basi kabla ya kumgusa mtu, uhisi kwanza nyayo zako sakafuni. Halafu utoe pumzi taratibu, ndefu kuliko ile uliyoivuta. Halafu ulitaje lile lililoingia kifuani, useme moyoni, "Hii ni hasira," bila kulifukuza wala kulitii, mpaka lipite lenyewe.

Hilaire alirudi akawafundisha wenzake kila Alhamisi mchana, na kwa kweli mambo yalibadilika. Vipande vya mashuka vilivyotumiwa kufungia watu vitandani vilichomwa moto nyuma ya jiko. Sindano za kutuliza zilipungua. Mama Marlène, mkuu wa wauguzi wote, alisema mbele ya watu kwamba Hilaire ameleta amani. Naye Hilaire, tuseme ukweli, alilipenda neno lile. Aliondoka nalo jioni ile, na akiwa juu ya baiskeli alilirudia mara mbili tatu.

Aliyechelewa kubadilika alikuwa Papa Édouard. Siku moja, miezi mitatu baada ya mafunzo, alimfunga mgonjwa mguu kwenye kitanda ili apate kupiga deki. Hilaire aliandika ripoti. Papa Édouard aliitwa, akasomewa onyo mbele ya wote, akaweka sahihi. Tangu hapo walisalimiana vizuri, lakini hawakula tena meza moja.

Asani aliletwa mwezi wa kumi na moja, mvua zilipoanza kukaza. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minane, msaidizi wa dereva kwenye malori ya barabara ya Kakanda. Alikuwa ameacha kulala, kisha akaacha kula, kisha akaanza kusikia watu wakimwita kutoka ndani ya matangi ya mafuta. Mama yake, Mwanvua, muuza vitenge, alimleta akiwa amemshika mkono kama mtoto wa siku ya kwanza shuleni. Baada ya wiki tatu sauti zilikuwa zimefifia. Asani alianza kucheka, na akianza hakujua kuacha. Alikuwa na kipaji cha kuiga watu. Alimwiga mpishi, alimwiga daktari anavyotafuta miwani yake, na wagonjwa walikaa kumngoja.

Jumanne ile maji yalikuwa hayatoki tangu alfajiri. Wagonjwa walikuwa thelathini na mmoja, wauguzi wawili. Lakini Hilaire baadaye hakutaka kuyataja hayo, kwa sababu siku ngumu kuliko ile alizipitia nyingi na mkono wake ulitulia. Kilichotokea ni kwamba Asani alikataa vidonge, Hilaire akasimama hatua mbili kutoka kwake kama kawaida, akashusha mabega, akatoa pumzi. Asani akamtazama, uso ukang'aa. Akasimama hatua mbili vilevile. Akashusha mabega vilevile. Akajaza mashavu.

"Fuuu," akasema. "Muangalie, bantu! Shefu iko anapumua! Fuuuu."

Wodi nzima ikaangua kicheko. Hata mzee Barthélemy, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu Pasaka, alicheka mpaka akashika mbavu. Asani, kwa kufurahi, alirusha mikono, na bakuli la uji lililokuwa pembeni likaruka likamwagikia koti la Hilaire.

Hilaire alitabasamu. Alimshika Asani kiwiko, akasema twende tukaoshe mikono, akampeleka kwenye chumba cha kuogea mwisho wa ukumbi. Ndoo ya maji ya akiba ilikuwa pale. Mlango ulijirudisha nyuma yao. Wakawa wawili tu.

"Nawa," alisema Hilaire.

Asani hakunawa. Alimsogelea uso kwa uso, akajaza mashavu tena. Safari hii hakuwa anacheza. "Weye haunionaka," alisema kwa sauti ya chini. "Kila siku uko unaangalia pumzi yako tu. Fuuu."

Hilaire alizihisi nyayo zake sakafuni. Hilo ndilo lililomtesa baadaye kuliko yote: alizihisi. Alihisi maji yaliyopenya kwenye kiatu cha kushoto. Alilijua lile lililomjaa kifuani, akalitaja kwa jina lake. Hii ni hasira, alisema moyoni. Na baada ya kulitaja, akalitii. Mkono wa kulia ulikuwa na tita la funguo. Ulipanda na kumshukia Asani juu ya jicho.

Asani hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye saruji, polepole, akaweka kiganja juu ya nyusi, damu ikapita katikati ya vidole. Alimtazama Hilaire kwa mshangao mtupu, kama mtu aliyeita jina la rafiki barabarani akageukiwa na mgeni.

Hapo ndipo Hilaire aliposimama wima na kupumua. Alivuta, akatoa, ndefu, taratibu, kama alivyofundishwa, mara sita au saba, na utulivu ukaja. Ulikuja kwa uaminifu wake wote. Papa Édouard aliposukuma mlango, deki mkononi, alimkuta mkuu wa wodi amechuchumaa karibu na mgonjwa, sauti yake laini kabisa.

"Shefu, ni nini?"

"Ameteleza. Alijigonga pa ukuta."

Papa Édouard aliutazama ukuta. Halafu akamtazama Asani, halafu zile funguo. Alianza kupangusa damu.

Hilaire alimshona Asani nyuzi tatu. Alipiga ganzi, akangoja ikolee, akashona kwa usafi ambao daktari angeuonea wivu, na wakati wote huo Asani alikuwa amefumba macho. Kisha akafungua daftari la ripoti na kuandika kwa mwandiko mzuri ulionyooka: mgonjwa ameteleza kwenye chumba cha kuogea, jeraha la sentimita mbili, limeshonwa.

Saa sita mchana Mwanvua alifika na bakuli lake la bukari na sombe, ule ugali na majani ya muhogo, kichwa kimefunikwa kwa mtandio wa buluu. Alipoona bandeji alikaa kitandani, akamshika mwanawe kidevu.

"Nani alikufanya hivi?"

Asani alikitoa kidevu mkononi mwake. "Mwenye funguo," alisema, akageukia ukutani.

Katika wodi ile wenye funguo walikuwa wawili: Hilaire na Papa Édouard. Ukumbini palikuwa na wauguzi, mpishi, wagonjwa wenye kusikia. Na hakuna hata mmoja aliyemtazama Hilaire. Macho yote yalimwendea mzee aliyekuwa akikamua deki mlangoni. Mwanvua aliyafuata macho yale. Alisimama, akamwita mtu yule majina ambayo mwanamke wa kuswali hakuyazoea kinywani mwake. Papa Édouard aliinamisha kichwa kama mtu anayepitwa na mvua.

Mama Marlène aliwaita ofisini alasiri ileile. "Papa Édouard, ni weye?"

"Hapana, Mama."

"Lakini ulishafungaka muntu." Akageuka. "Hilaire, weye ulikuwa pale. Uliona nini?"

Nafasi ya kukiri ilikuwa wazi, neno lilikuwa tayari ulimini. "Minye nilikuta iko chini," alisema Hilaire. "Siyue."

Papa Édouard alirudishwa nyumbani mpaka uchunguzi ukamilike. Alivua funguo zake kwenye mshipi, akaziweka mezani, akazipanga kidogo ili zisianguke, akatoka.

Na kana kwamba hilo halikutosha, Mwanvua alikuwa akimngoja Hilaire kwenye baraza. Macho yalikuwa yamevimba. Alimkabidhi sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. "Kula, baba," alisema. "Unashinda hapa bila kula. Weye njo muntu anaheshimiaka mutoto wangu. Nilisema mu nyumba: kama ba Hilaire iko, minye niko nalala usingizi."

Alipaswa kukataa. Alikaa kwenye benchi, mwanamke yule amesimama mbele yake kuhakikisha anashiba, akala. Alimega bukari, akachovya kwenye sombe, akameza, akashukuru. Kwenye mkono wa koti lake, chini ya doa la uji, palikuwa na tone la damu lililokwisha kukauka.

Siku mbili zilizofuata Hilaire alifanya kazi vizuri. Huko nyumbani mkewe, Simone, alimuuliza mbona unaoga mara mbili, akasema ni joto. Kila aibu ilipompanda shingoni aliishusha kwa pumzi, naye alikuwa hodari. Aliweza kuishusha hata akiwa anasalimiana na Mwanvua. Lakini Asani hakudanganyika. Hilaire akipita karibu na kitanda chake, Asani aliinua kiwiko kufunika uso. Hakumsema, hakumshitaki. Kiwiko tu, kila mara. Na hakuiga mtu tena. Wagonjwa walimngoja siku ya kwanza, wakamngoja ya pili, wakatawanyika.

Alhamisi mchana wauguzi walikusanyika kwenye chumba cha mikutano kama desturi, wakavua viatu. Mara hii walikuwa sita, pamoja na Ruphin, muuguzi mpya aliyetoka kumaliza masomo. Hilaire alisimama katikati ya duara. "Sikieni nyayo zenu," alisema. "Musiharakishe." Walifumba macho. Alilijua somo kama mtu anavyojua Baba Yetu. Alifika kwenye kutaja hasira, akaeleza kwamba ukiitaja inapungua nguvu, na wote wakaitikia kwa vichwa.

Ruphin alinyoosha mkono. "Shefu, niko na ulizo. Na kama muntu alishapiga? Alishapiga, inaisha. Anapumua namna gani pale?"

Hakuuliza kwa hila. Ilikuwa dhahiri kwamba anauliza kama mwanafunzi mwema anavyouliza, na kalamu yake ilikuwa tayari juu ya daftari. Hilaire alifungua mdomo. Jibu lilikuwa rahisi na alilijua, kwa maana alikuwa amelifanya: unapumua vilevile, na utulivu unakuja vilevile, na ukiwa umetulia unaweza kuandika uongo kwa mwandiko mzuri. Alihisi uso unawaka mpaka masikioni.

"Siyue," alisema. Ilikuwa mara ya pili wiki ile kusema hajui. Alichukua viatu vyake na kutoka navyo mkononi, wenzake wakitazamana.

Hakuchukua baiskeli yake. Alitembea mpaka mtaa wa Panda, akapita nyumba za zamani za wafanyakazi, zile za matofali zilizofanana kama ndugu, ambamo na yeye alizaliwa. Papa Édouard alikuwa nyuma ya nyumba yake, amepiga magoti, akichimba mfereji wa kupitisha maji ya mvua yasiingie kwenye matembele. Hakusimama.

"Papa," alisema Hilaire. "Ni minye nilimupiga."

"Ninajua."

"Unajua?"

"Nilisikia funguo. Minye nikishika zangu, haziliye vile. Halafu ule ukuta ulikuwa safi." Alitoa jembe, akakwangua udongo kwa kidole. "Ningesema, nani angeniamini? Weye uko na jina muzuri. Minye jina yangu uliandika weye mwenyewe mu ripoti."

"Ile ripoti ilikuwa ya kweli, Papa."

"Ilikuwa ya kweli. Nilifunga ule muntu, nilikosa, nikatia sahihi." Sasa alisimama, akijishika kiuno. "Na weye?"

Hilaire alitaka kupiga magoti pale kwenye tope. Alianza kuomba radhi, maneno yakija mengi, na machozi nayo, lakini mzee alimzuia kwa kiganja chenye udongo.

"Usiniombe huku nyuma ya nyumba. Minye niliitwa mbele ya bantu."

Ijumaa, kwenye kikao cha asubuhi cha kupokezana zamu, Hilaire aliomba kwamba Papa Édouard aitwe, na kwamba Mwanvua asubiriwe. Mama Marlène alishangaa lakini akakubali. Asani aliulizwa kama anataka kuwapo. Alisema atakaa mlangoni, na mlango usifungwe. Walipofika wote Hilaire alisimama. Alikuwa ameapa usiku kwamba hatajituliza. Basi alisema huku sauti ikikatika, jasho likimtoka hadharani kama mwizi sokoni.

"Asani hakuteleza. Nilimupiga na funguo. Nikaandika uongo. Nikaacha Papa Édouard anaenda nyumba yake na kosa yangu."

Mwanvua ndiye aliyeuliza, taratibu sana: "Juu ya nini? Alikufanya nini?"

"Alinicheka mbele ya bantu."

"Njo ile tu?"

"Njo ile tu, mama."

Mwanvua alimtazama kama anayetafuta sura aliyoipoteza. "Minye nilikulisha," alisema. "Nilikupa chakula ya mutoto wangu, ukakula, na ukasema aksanti." Hakulia wala hakutukana. Alisimama, akamwendea Papa Édouard, akamshika mikono yote miwili, akamwomba msamaha kwa yale majina. Mzee alisema, "Haina maneno, mama," yaani yamekwisha. Kisha Mwanvua alitoka, akampita Hilaire kama mtu anavyopita nguzo.

Mama Marlène alibaki na kalamu mkononi. "Ningependa awe muntu mwengine," alisema, hakuna aliyejua kama anamwambia Hilaire au nafsi yake. Aliandika. Hilaire alivuliwa ukuu wa wodi, akasimamishwa kazi miezi miwili, na barua ikaenda kwa wakubwa wa afya waamue kama atarudi. Uongo kwenye daftari haukufutwa. Hilaire mwenyewe aliambiwa aukate kwa mstari mmoja, usomeke, na aandike ukweli chini yake na jina lake kamili. Papa Édouard alirudi kazini siku ileile. Hakumpa Hilaire mkono, ila alisema, "Umesema," na hilo lilikuwa lote.

Miezi ile miwili ilikuwa mirefu. Simone hakumlaumu. Alimuuliza swali moja tu, kama aliwahi kutaka kumpiga yeye au watoto. Hilaire akajibu hapana, lakini aligundua kwamba mke wake alilazimika kuuliza. Kanisani alikaa benchi la nyuma. Siku zingine, asubuhi, alijaribu tena lile zoezi la Madame Chérie, na akashangaa kwamba sehemu ngumu haikuwa hasira. Aibu ilikuja, akaitaja, na safari hii hakuisukuma kwa pumzi. Aliiacha ikae. Ilikaa. Haikupita upesi kama alivyokuwa akiwaahidi watu.

Alirudishwa mwezi wa pili, muuguzi wa kawaida, si wodini bali kwenye chumba cha wanaokuja na kurudi nyumbani. Alhamisi mchana sasa ilikuwa ya Ruphin, na Hilaire alisimama kwenye duara miongoni mwa wengine, pekupeku. Ruphin alipofika kwenye kutaja hasira, Hilaire aliomba neno. "Kuitaja haitoshe," alisema. "Minye niliitaja. Kama unaona mukono inaanza, toka, ita mwenzako, hata kama bantu banakucheka." Ruphin aliandika.

Siku moja ya mwezi wa tatu Asani alikuja kuchomwa sindano yake ya mwezi. Alikuwa amenenepa, alikuwa amerudi kwenye malori, safari fupifupi. Mwanvua alikuwa naye. Alipomwona Hilaire nyuma ya meza alisimama kizingitini.

"Tutangoja mwengine," alisema.

"Ndiyo, mama. Ruphin njo atamuchoma. Minye niko nasoma fishi tu."

Asani ndiye aliyeingia kwanza. Kovu lilikuwa limekata nyusi yake vipande viwili, jembamba, limeshonwa vizuri. Alivuta kiti, akakirudisha nyuma kidogo, akakaa.

"Weka mikono pa meza," alimwambia Hilaire. "Yote mbili. Nione."

Ruphin aliinua macho. Hilaire aliweka mikono yote miwili juu ya meza, viganja chini, vidole wazi. Aliisoma fishi, zile karatasi za mgonjwa, hivyohivyo, akiinama kuifikia: jina, dawa, kipimo, tarehe iliyopita. Ilipofika mahali pa kugeuza ukurasa alisita, na Asani mwenyewe akanyoosha mkono akaugeuza.

"Unalala?" aliuliza Hilaire.

"Ninalala."

"Sauti?"

"Mara moja moja. Haziniite tena kwa jina."

"Muzuri." Alitaka kuongeza neno. Alikuwa nalo, amelibeba miezi yote ile, lakini mwanamke yule alikuwa amesimama pale mlangoni, na kijana alikuwa amekuja kuchomwa sindano, hakuja kumpa Hilaire nafasi ya kusema. Akalimeza.

Ruphin alimaliza, akabandika pamba. Asani alishusha mkono wa shati. Mwanvua alimwambia Ruphin, "Bakia muzuri, mwanangu," akatangulia. Asani alisimama kidogo, akaitazama ile mikono juu ya meza, kisha akamfuata mama yake. Hilaire hakuiondoa mpaka walipovuka uwanja na kutoka langoni.